Klabu za sekondari: kwa nini nyingi hufa kila Novemba, na zinazobaki zinafanya nini

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa mlezi wa klabu katika shule moja ya kata mkoani Morogoro kwa miaka kumi na minne. Nimelea skauti, nimelea Msalaba Mwekundu, na klabu ya mazingira nimeizika mara tatu na kuifufua mara tatu. Jina la shule naliacha, maana nitasema mambo mawili matatu yasiyopendeza na waliohusika bado wako kazini. Uzi ni mrefu, naombeni uvumilivu.

Ninachotaka kusema ni hiki: klabu ya wanafunzi haiuawi na umaskini. Tunaiua sisi watu wazima, pale tunapoifanya iwe ya matukio. Siku ya Mazingira wanatolewa kupanda miti, akija mgeni wa wilaya wanavalishwa skafu, kwenye mahafali wanasoma risala. Katikati ya hapo hakuna kitu. Klabu yenye zamu, hata ndogo, hata ya watoto tisa, inavuka mwaka. Ile ya matukio inakwisha kidato cha nne wakishafanya mtihani wao Novemba, na Januari hakuna hata anayejua daftari la mahudhurio liko wapi.

Hili sikulijua tangu mwanzo. Alinifundisha bibi mmoja.

Mwaka wangu wa kwanza wa ulezi nilifanya kama wanavyofanya wengi. Tulichangishana, tukanunua miche ya sabuni, sukari kilo tano na doti moja ya kanga, tukaenda kwa bibi aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya uwanja wa mpira. Wanafunzi walipiga sare pasi. Risala ilisomwa, picha zikapigwa, bibi akashukuru. Tulipokuwa tunaaga akamshika mkono binti mmoja wa kidato cha pili, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia: "Mjukuu wangu, sabuni nimeipokea. Maji ya kuifulia nani atanichotea?"

Bomba lilikuwa ng'ambo ya barabara, na bibi alikuwa na goti bovu. Tulisimama uani kwake karibu saa nzima, watu thelathini wazima wenye nguvu, na hakuna aliyetazama mtungi.

Jumatatu yule binti akaniletea karatasi aliyoichana kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Kushoto siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kulia majina mawili mawili. Chini ameandika: "Ndoo moja kila siku, mbili Jumamosi. Asiyeweza atafute wa kubadilishana naye mwenyewe, asimsumbue mwalimu." Sikubadilisha neno. Karatasi ile ilinakiliwa kila muhula kwa miaka minane. Binti alimaliza shule akaondoka, waliomfuata nao wakaondoka, na zamu ikaendelea mpaka bibi alipofariki. Siku ya maziko walikuja vijana ambao mimi sikuwahi kuwafundisha. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya wiki.

Tangu hapo kila klabu ninayoilea naanza kwa kuuliza zamu ni ipi.

Sasa tazameni jambo ambalo nadhani walimu wengi mmeliona ila hatulisemi. Shule ileile ambayo klabu ya mazingira inakufa kila mwaka, vyama vya dini vya wanafunzi havifi: TYCS haifi, UKWATA haifi, CASFETA haifi, TAMSYA haifi. Mlezi anaweza kuhama, mkuu wa shule anaweza kubadilishwa, wao wapo. Watu husema ni kwa sababu ya imani, na sibishi kwamba imani ina nguvu. Lakini angalieni na utaratibu wao. Kipindi cha dini kimo kwenye ratiba, hakuna anayekiomba. Viongozi wanachaguliwa mapema, na wa zamani wanakaa pembeni ya wapya miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Kuna tawi, kuna kanda, kuna mkoa, kwa hiyo katibu wa shule anajua kuna mwenzake mahali fulani anasubiri taarifa yake. Mtoto wa miaka kumi na sita anaitisha kikao, anasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, anasoma mapato na matumizi. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo darasani. Alimwona dada yake wa kidato cha nne akifanya.

Klabu nyingine zote zingeweza kuiga hilo bila senti moja.

Na historia yenyewe inatuambia wanafunzi hawahitaji kusukumwa. Roots & Shoots, programu ya vijana ya kuhudumia watu, wanyama na mazingira ambayo leo iko nchi zaidi ya 60, ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991. Wanafunzi 12 wa sekondari walikwenda nyumbani kwa Dk. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, wakaketi barazani, kila mmoja na jambo lililokuwa linamsumbua mahali anapotoka. Yeye hakuwapa mradi. Aliwaambia warudi wakakusanye wenzao. Mpaka leo kazi ya kwanza ya kundi jipya ni kuchora ramani ya eneo lao na kuangalia watu wanahitaji nini, wanyama wanahitaji nini, mazingira yanahitaji nini. Hiyo ramani nimeitumia sana. Ukimpa kidato cha kwanza karatasi na penseli ukamwambia achore njia anayopita kuja shule, atakuchorea shimo la takataka, mfereji ulioziba na nyumba ya mgonjwa. Wewe mwalimu unayepita na bodaboda huvijui.

Klabu za Interact, za vijana chini ya Rotary, nazo, ya kwanza ilianza mwaka 1962 huko Melbourne, jimbo la Florida, na wanafunzi 23. Kanuni yao naipenda: kila mwaka angalau miradi miwili, mmoja wa kuhudumia shule au jamii, mwingine wa kujenga uelewano na watu wa mataifa mengine. Miwili. Sisi tunaandika mpango kazi wa miradi kumi na nne, hautimii hata mmoja.

Nije kwenye pesa, maana hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Klabu yetu ya mazingira iliwahi kuwa na bustani ya mchicha na figiri, matuta sita. Wanafunzi walikuwa wanauza kwa walimu na kwa akina mama wa mtaani. Mweka hazina, kijana mmoja mtaratibu sana, aliandika kila fungu. Zilifika shilingi 61,400. Kwa usalama zikahifadhiwa ofisini. Siku moja ofisi ikapungukiwa hela ya kudurufu mitihani, zikachukuliwa. Hakuna aliyekula, nasema ukweli, zilitumika kwa kazi ya shule. Ila wenye hela hawakuulizwa. Kijana alikwenda kuchukua za kununua mbegu akaambiwa asubiri. Pesa zilirudi baada ya wiki tatu. Wanachama hawakurudi. Walikuwa arobaini na moja, wakabaki saba, na matuta yakaota magugu mbele ya macho yetu.

Ilinikaa moyoni kwa sababu shule hiyohiyo ina klabu ya wapinga rushwa. Watoto wanaimba ngonjera za TAKUKURU asubuhi, mchana wanaona hela yao imechukuliwa bila kuulizwa. Mnadhani wanaamini lipi?

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, wakuu wa shule wengi wanaogopa chochote kinachofanana na mchango, na nawaelewa. Kwa hiyo kile kidogo ambacho wanafunzi wanakizalisha wenyewe kwa jembe lao kilindwe kama mboni ya jicho. Sisi sasa tuna sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mweka hazina, mwingine ninao mimi. Halifunguki bila wote wawili.

Naishia hapa kwanza. Karibuni wadau, hasa mliowahi kuwa wanachama.

#2 Mzazi wa Mbagala

Mwalimu shikamoo, na hongera kwa kazi. Mimi naomba nipingane nawe kidogo. Nina kijana kidato cha tatu, shule ya kutwa. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi jioni hoi. Halafu niambiwe abaki Alhamisi kwa ajili ya klabu? Akipata divisheni four hiyo klabu itamsaidia nini? Sisemi huduma ni mbaya, nasema muda wenyewe uko wapi.

#3 Mlezi (mwenye uzi)

Marahaba mkuu. Swali lako ni la haki, tena kwa Dar na foleni zile.

Kwanza nakubali: klabu isiyojua inafanya nini ni wizi wa muda wa mtoto, bora arudi nyumbani alale. Pili, kidato cha nne kwetu wanakabidhi uongozi mwezi wa nne, si Novemba. Kuanzia hapo wao ni washauri tu, wanasoma.

Kuhusu faida, nikupe mfano mmoja. Miaka michache nyuma, mstarini asubuhi, mwanafunzi alianguka kifafa. Unajua watu wetu: wengi wanaamini povu linaambukiza, kwa hiyo duara likapanuka na hakuna wa kumgusa. Wengine wakaanza kulia, na mwalimu mmoja, mtu mzima mwenye nia njema, akaagiza kijiko aletewe amwekee mdomoni. Akatoka binti wa Msalaba Mwekundu, kidato cha pili, mdogo wa umbo. Akamwambia mwalimu, "Samahani mwalimu, kijiko hapana." Akasogeza mawe mawili yaliyokuwa karibu na kichwa. Akavua sweta, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa. Hakumshika mikono wala miguu. Akamwambia mwenzake aangalie saa. Mtikisiko ulipoisha akamgeuza ubavu, akamlegeza tai, akabaki ameketi chini kando yake, anamwita jina taratibu mpaka akafumbua macho.

Kifafa mkoa huu si kigeni. Kule Mahenge Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya ugonjwa huu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na wametengwa. Zaidi ya nusu karne baadaye bado mtu anaanguka na watu wanamkimbia. Yule binti hakukimbia kwa sababu kila Alhamisi, saa nane na nusu, walikuwa wanarudia somo moja mpaka wanalichoka. Mkuu, yule aliyeanguka naye ana mzazi. Nilimwona mama yake alipokuja kumchukua, na alimtafuta binti mwenye sweta kabla hajanitafuta mimi.

Kama kijana wako anatoka mbali, asikae Alhamisi. Apewe zamu ya saa ya chakula. Zipo nyingi.

#4 Mwalimu, Kahama

Mwalimu mwenzangu, umesema vyema ila umeruka jambo. Mimi nina vipindi ishirini na tisa kwa wiki, darasa la watoto themanini, madaftari yenyewe siwezi kuyamaliza. Juu ya hapo niko mlezi wa klabu tatu kwa barua ya mkuu wa shule, posho hakuna, semina sijawahi kupelekwa. Klabu zikifa wanasema mlezi hana moyo. Hili nalo liandikwe.

#5 Mlezi (mwenye uzi)

Liandikwe kwa wino mwekundu mwalimu, umesema kweli tupu. Kupewa klabu tatu kwa barua ni kupewa makaburi matatu ya kupalilia. Ushauri wangu, kama mkuu wako anasikika: omba ubaki na moja. Hizo mbili kama zina watoto wanaozitaka, zitapata mtu mwingine. Kama hazina, zifungwe kwa heshima, daftari lipelekwe maktaba. Shule inaona aibu kuwa na klabu tatu wakati jirani ana kumi na mbili kwenye ubao wa ofisi. Mimi nimeshafunga klabu mbili kwa mkono wangu na sikujuta.

Na ndani ya hiyo moja, wewe usiwe injini. Mimi nahudhuria dakika kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Katikati nasahihisha madaftari chini ya mwembe, wananiona, siwasikii. Wakikosana wanamalizana.

#6 Mdau wa Kilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Huku kwetu Wildlife Clubs of Kenya ilianza mwaka 1968, na ni wanafunzi wenyewe walioianzisha, kwa hivyo hilo la barazani Dar silishangai.

Ila nataka kuongeza habari za President's Award, programu ya tuzo kwa vijana ambayo iko Kenya tangu 1966. Mimi nilifanya Bronze, ngazi ya kwanza, nikiwa kidato cha pili. Kuna huduma, kuna ujuzi, kuna mazoezi ya mwili, halafu kuna safari ya miguu. Ukifika Gold, ngazi ya juu, unaongezewa kukaa mahali ugenini na kufanya kazi na watu usiowajua. Kilichonishinda mwanzo si safari, ilikuwa ile ya kila wiki. Ni saa moja tu kwa wiki, lakini ni kila wiki, miezi mitatu, miezi sita. Mimi huduma yangu ilikuwa kusomea watoto wa chekechea hadithi. Nilidhani ni mchezo. Wiki ya tano nilichoka kabisa, nikakosa. Ijumaa iliyofuata mtoto mmoja akaniuliza, "Ulikuwa mgonjwa?" Sikukosa tena.

#7 Mlezi (mwenye uzi)

Ahsante sana ndugu yangu wa Kilifi. "Ulikuwa mgonjwa?" Hilo nitawasomea Alhamisi hii. Zamu inaonekana siku unapokosa, na anayeiona ni yule uliyekuwa unamhudumia.

#8 Niko Maryland

Nawasoma kutoka Marekani. Huku jimbo la Maryland mwanafunzi hahitimu high school bila huduma kwa jamii. Kiwango ni saa 75, ingawa wilaya zinaruhusiwa kupanga utaratibu wao. Mwanangu alipoanza nilikasirika, nikasema kwa nini wema ulazimishwe na upimwe kwa saa? Na kweli nimeona watoto wa wenzetu wanazikimbiza mwaka wa mwisho, wanatafuta mtu wa kuwasainia fomu tu.

Ila wangu alipelekwa kupanga vyakula kwenye ghala la msaada. Makopo, mchele, maziwa ya unga. Saa zake zilitimia muda mrefu uliopita na bado Jumamosi anakwenda. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kuna mzee mmoja hawezi kuinama kuchukua vitu vya rafu ya chini, na huwa anamsubiri yeye. Mwalimu, nauliza: kulazimisha ni vibaya au ni mlango tu?

#9 Mlezi (mwenye uzi)

Nimelifikiria swali lako siku nzima mkuu.

Nadhani ni mlango, kwa sharti kwamba ndani kuna mtu, siyo fomu. Mwanao alimkuta mzee wa rafu ya chini. Angepewa kazi ya kubandika stika ofisini, saa zingetimia na asingerudi. Sisi huku hatuna saa 75. Tuna Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambapo Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe sehemu ya jamii, wanafunzi washiriki uzalishaji na maamuzi. Mahali pengi tulibaki na jembe tu, maamuzi tukawanyima, mpaka jembe likageuka adhabu: umechelewa, kalime matuta mawili. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kulima utamwambiaje bustani ya klabu ni heshima? Kwetu nilipigania hilo lifutwe, na bado halijafutwa kabisa. Wiki iliyopita nilikuta watoto wawili wanapalilia miche ya klabu kama adhabu. Nikaenda kwa mwalimu wa zamu, nikamwomba kwa upole awabadilishie. Akakubali.

#10 Mama wa binti, Singida

Shikamoo mwalimu. Binti yangu kaanza kidato cha kwanza shule mpya kabisa ya kata, klabu hamna hata moja. Kasoma uzi huu kwenye simu yangu, anataka kuanzisha. Mkuu wa shule kamwambia alete katiba na orodha ya viongozi kwanza. Aanzie wapi?

#11 Mlezi (mwenye uzi)

Marahaba mama. Mwambie amheshimu mkuu wake, katiba ataiandika, ila amwombe wiki nne kwanza.

Wiki ya kwanza achukue wenzake watano hadi kumi, watembee kuzunguka shule, mwendo wa dakika kumi na tano kila upande, waandike wanachokiona. Jioni wachague kitu kimoja ambacho watu wawili wanaweza kukifanya bila hela, bila kuomba gari. Nikikumbuka Singida ilivyo kavu, huenda ni miche: chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, inafukiwa nusu kichwachini kando ya mche, maji yanadondoka taratibu. Kitako cha chupa kikatwe ili wajaze kwa juu. Kila mche una majina mawili kwenye kipande cha bati. Huenda ni kitu kingine, wao ndio watakaoona. Wiki zinazofuata wanafanya zamu tu. Jina la klabu, mwenyekiti, katiba, vyote wiki ya nne, na mwenyekiti awe mmoja wa wale ambao hawajakosa.

Wiki ya tatu itakuwa ngumu. Kwetu, kwa bibi, wiki ya tatu ilinyesha mvua kubwa siku ya Jumanne na wenye zamu hawakutokea. Nilikuwa ofisini nikajisemea basi, imekwisha. Saa kumi jioni nikamwona yule binti wa kidato cha pili anavuka uwanja peke yake, ndoo kichwani, sketi imelowa mpaka kiunoni. Haikuwa siku yake. Kesho yake kwenye ile karatasi ya miraba, mbele ya Jumanne, nikakuta majina mawili yale yale ya mwanzo, na pembeni wenyewe wameandika kwa kalamu tofauti: "Tutalipa Ijumaa." Ijumaa walikwenda na ndoo mbili.

Binti akianza, mama, naomba uniandikie wiki hiyo ya tatu.